UZI: Kusanifu kanga kwa kompyuta, kuanzia jina hadi faili la skrini

mji_na_pindo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Walimu wa ubunifu wa michoro wanaipenda sana kazi ya kanga, na wana haki. Ndani ya nguo moja mwanafunzi anajaribiwa herufi, mchoro wa kujirudia, rangi chache na uchapaji. Shida ni kwamba rasimu nyingi zinazoombewa maoni ni picha za kupendeza kwenye simu ambazo haziwezi kuwa kanga. Pindo limekatika kwenye kona, rangi ni mia, na jina (yale maneno ya kanga) limebandikwa mwishoni palipobaki nafasi. Tuweke hapa utaratibu mzima. Wenye ujuzi wa skrini za kuchapia na wa nguo karibuni mrekebishe na kuongeza.

Vipimo vya kuanzia: upana sentimita 150, kimo sentimita 110. Watengenezaji hutofautiana kidogo, kwa hiyo ukishajua nani atachapa, uliza kipimo chake kabla hujachora chochote.

Jina liwe la kwanza. Ukishaandika maneno, mchoro unapata kazi ya kufanya. Chukua HABA NA HABA HUJAZA KIBABA. Mwanafunzi wa haraka atachora kibaba na punje za mchele, yaani atasema tena kile ambacho maneno yameshasema. Njia nzuri zaidi ni mji (eneo la katikati ya kanga, ndani ya pindo) wa vitone vinavyoanza vidogo karibu na pindo na kukua kadiri vinavyosogea katikati. Hapo macho yanaona kujaa bila kuchorewa chombo.

Halafu vichoro vidogo, kwa mkono, kwenye karatasi. Piga mistatili ya sentimita 7.5 kwa 5.5, ambayo ni kanga iliyopunguzwa mara 20. Jaza 20, sita au nane kwa ukurasa. Tumia kalamu ya wino wala si penseli. Kalamu ya kawaida huacha mstari wa karibu nusu milimita, ambao kwenye nguo halisi ni sentimita moja. Kalamu yenyewe inakuzuia kuchora nywele na mishipa ya majani ambayo hakuna atakayeiona kutoka ng'ambo ya barabara. Penseli inakuruhusu kujidanganya kwa vivuli.

Chagua vitatu, uvikuze hadi sentimita 25 kwa 18.3 (mara 6 pungufu, inaenea A4), uvijaze nyeusi na nyeupe tu. Kichoro kisichosimama kwa nyeusi na nyeupe hakiokolewi na rangi. Baada ya hapo ndipo unawasha kompyuta.

---

mji_na_pindo

Naendelea na hesabu ya pindo, maana hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika.

Pindo linazunguka pande nne, na kila upande lazima uwe na idadi kamili ya vipande. Ukichagua pindo la sentimita 15, kona nne zinakuwa miraba ya 15 kwa 15 na mji unabaki 120 kwa 80. Ukirudia korosho (lile umbo lililojikunja kama korosho) kwa hatua ya sentimita 10, upande mrefu unachukua 12 na upande mfupi 8. Hakuna inayokatwa.

Ukichagua pindo la 20, mji unakuwa 110 kwa 70, na hatua ileile ya 10 inatoa 11 na 7. Hizi ni witiri, kwa hiyo korosho moja inakaa katikati kabisa ya kila upande. Kwa 12 na 8, katikati panakuwa na pengo kati ya korosho mbili. Zote ni sahihi, ila amua mapema, kwa sababu jina nalo linakaa kwenye mstari huo wa katikati na jicho litaona kama halilingani na pindo chini yake.

Sasa chagua 18 kwa kukisia. Mji unakuwa 114 kwa 74. Hatua ya 10 inatoa 11.4 na 7.4, yaani korosho nusu kwenye kila kona. Wanafunzi huvuta mchoro ili utoshe, na hapo korosho za upande mrefu zinakuwa na umbo tofauti na za upande mfupi. Mwenye jicho analiona mara moja.

Kona ni mchoro unaojitegemea. Usijaribu kuipindisha korosho izunguke. Chora ua, nyota au mraba wenye mishazari unaojaza kona na kupokea mistari ya pande zote mbili. Ukitaka korosho zote zielekee upande mmoja kama zinafuatana kuzunguka nguo, kona inapaswa kufanana ukiizungusha robo duara. Ukitaka zigeukiane katikati, unahitaji kona ya kulia na ya kushoto zinazotazamana.

---

mwanafunzi_mwaka2

Shikamoo mwalimu, shukrani kwa uzi. Nina swali moja. Nimechora kwenye tableti, turubai ya pikseli 3000 kwa 2200, na nimeweka nukta 300 kwa inchi. Uwiano ni wa kanga kabisa. Inatosha kuchapwa?

---

Tabaka

Uwiano uko sawa, pikseli hazitoshi. Gawanya tu: milimita 1500 kwa pikseli 3000, kila pikseli inakuwa nusu milimita kwenye nguo. Ukingo wa mshazari utaonekana ngazi ngazi. Ile 300 uliyoandika kwenye dirisha la faili jipya ni maelezo tu kwa printa. Kwa nukta 300 kwa inchi picha yako ina upana wa sentimita 25.4. Ukiitandaza kwenye sentimita 150 inashuka hadi kama nukta 51.

Kanga nzima kwa nukta 300 ni pikseli 17,717 kwa 12,992. Hizo ni pikseli milioni 230, na tabaka moja tu (ni kama karatasi angavu ya kuchorea ndani ya faili) la rangi kamili linakula karibu megabaiti 690 za kumbukumbu. Tabaka tano na tableti yako imeganda. Kwa hiyo usichore kanga nzima kwa brashi.

Fanya hivi. Chora korosho moja peke yake kwenye turubai ya pikseli 1200 kwa 1200, ambayo kwa nukta 300 ni sentimita 10 na ziada ndogo. Kona ya sentimita 15 ni pikseli 1772. Kipande cha mji chora kando. Krita, programu ya kuchorea, ina hali ya kuzungusha turubai, bonyeza W, ambapo mstari unaotoka kulia unaingia kushoto, na unaona marudio ukiwa bado unachora. Kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, sogeza tabaka kwa nusu ya upana na nusu ya kimo, mshono unahamia katikati, unauziba.

Kisha peleka umbo Inkscape (programu ya vekta, yaani mistari inayohifadhiwa kwa hesabu badala ya pikseli), ulifuatilie kwa mistari hiyo, na urudie kwa nakala zilizounganishwa (Alt+D). Ukirekebisha korosho mama, zote 40 kwenye pindo zinabadilika. Vekta haijali ukubwa, na faili la kanga nzima linaweza kuwa dogo kuliko picha moja ya simu.

---

Fundi Skrini

Mmesema vizuri. Mimi naongezea upande wa wino, kwa sababu mchoro unaoletwa kwa fundi mara nyingi unarudishwa kwa makosa yaleyale.

Kila rangi ni skrini moja, yaani wavu uliobanwa kwenye fremu ambao wino hupitishwa. Weupe wa nguo ni rangi ya bure. Kwa hiyo nyeupe, njano, nyekundu na nyeusi ni rangi nne machoni lakini skrini tatu tu mkononi. Kisutu, kanga ya bibi harusi, imesimama kwa nyekundu, nyeusi na nyeupe. Anayesema rangi tatu hazitoshi aende akakitazame kisutu kwa utulivu.

Chapa huanza na rangi nyepesi na kumalizia na nyeusi. Nguo hunyonya maji ya wino na kusogea kidogo, hivyo skrini ya pili haikai kamwe juu ya ya kwanza kwa usahihi wa kompyuta. Njano na nyekundu zikigusana ukingo kwa ukingo, utaona ufa mweupe. Dawa yake ni kuipanua rangi nyepesi iingie chini ya ile nzito kwa milimita 1. Kwenye Inkscape lipe umbo la rangi nyepesi mstari wa ukingo wa rangi hiyohiyo wenye unene wa milimita 2. Nusu ya mstari inaingia ndani, nusu inatoka nje, unapata milimita yako. Usipanue rangi nzito, maana utabadilisha umbo lenyewe.

Maumbo madogo meusi juu ya nyekundu usiyatobolee nafasi kwenye nyekundu. Nyeusi inafunika. Ukitoboa unajitafutia ufa bure.

Mstari mwembamba kabisa uwe milimita 1, na nafasi nyembamba kabisa kati ya maumbo iwe milimita 1.5, kwa sababu wino hutanuka kwenye uzi wa pamba. Skrini ya nyuzi 43 kwa sentimita ina uzi mmoja kila baada ya milimita 0.23. Mstari wa milimita 0.3 unaangukia tundu moja na kipande. Sehemu nyingine utapita, sehemu nyingine utakatika.

Vivuli vya brashi laini sahau. Ukilazimisha, vitageuzwa kuwa nukta ndogo, na nukta hizo zikigongana na mpangilio wa nyuzi zinatoa mawimbi ambayo hukuyachora. Kivuli kichore kwa mistari au vitone vyenye kipenyo cha milimita 1.5 na kuendelea, uvione kwa macho yako.

Picha zinazotoka kwenye akili mnemba zina shida hiyohiyo na zaidi. Zina maelfu ya rangi, na ukihesabu korosho za pindo unakuta hakuna mbili zilizo sawa na kona nne ziko namna nne. Muda wa kuisafisha unatosha kuchora upya.

---

bibi_leso

Salaam kutoka Mombasa. Mnaongea kama leso, hiyo mnayoiita kanga, inatundikwa ukutani. Leso huvaliwa.

Mwanangu wa mwaka wa pili, chukua utepe wa kupimia. Kiuno na nyonga zenye mzunguko wa sentimita 100 zikifungwa leso ya 150, sentimita 50 zinapandana mbele. Katikati ya nguo inakuja mgongoni. Anayetembea nyuma anaona nusu ya mzunguko, karibu sentimita 50, na kingo zake zinajipinda. Basi jina lenye kisanduku (fremu ya maneno) cha sentimita 70 linaonekana karibu lote, herufi za mwanzo na mwisho zikiwa ubavuni. Jina la sentimita 95 halisomeki bila kumzunguka mvaaji.

Hesabu ya herufi ndiyo hii. Herufi kubwa yenye kimo cha sentimita 3.5, katika fonti ya kawaida isiyo na mikia, inachukua wastani wa sentimita 3.25 kwa upana pamoja na nafasi yake. Kisanduku cha 70, ukiacha 4 kila upande, kina 62 za kuandikia. Hizo ni herufi 19, nafasi zikiwemo. HABA NA HABA HUJAZA KIBABA ni 26. Ama ushushe kimo hadi sentimita 2.5, ama uchukue fonti nyembamba zaidi, ama uchague jina fupi. Usiibane fonti kwa kuivuta kutoka pembeni. Miguu iliyosimama ya H na N itakonda huku mistari iliyolala ikibaki minene, na neno zima litaonekana limeugua.

Wino ukitanuka, matundu ya A, B na R yanaziba. Kwa hiyo fonti iwe na matundu mapana, na nafasi kati ya herufi iwe kubwa kidogo kuliko unavyoona inapendeza kwenye kompyuta. Herufi zote kubwa, mstari mmoja, sehemu ya chini ya mji. Mchoro wa mji nao utazame juu kama jina, usije ukawa na ndege waliolala chali mtu akishajifunga.

Na jina lisomwe na watu watatu wakubwa kabla ya kulichapa. Tahajia ni jambo la kwanza. La pili ni maana: jina lina msemwa, na kijana anaweza kuandika kitu alichokiona kitamu kumbe mitaani ni fumbo la kumchoma jirani.

---

Tabaka

Nakubaliana na bibi kwa yote, ila napinga kidogo hoja ya mwanzisha uzi kwamba jina lazima litangulie. Sokoni mchoro mmoja hutoka na majina tofauti tofauti. Pindo na mji vinabaki, kisanduku kinabadilishwa. Kisutu kinajulikana kwa sura yake kabla hujasoma chochote. Mwanafunzi anayeanza na mchoro hakosei, mradi kisanduku cha jina kiwe tabaka peke yake lenye vipimo vilivyofungwa, na mji umeachiwa nafasi yake tangu kwenye kichoro kidogo.

---

mji_na_pindo

Kwa mfanyabiashara, kweli kabisa, na hoja ya kulifanya jina tabaka peke yake naichukua. Kwa mwanafunzi bado nashikilia jina kwanza. Anayesahihisha atauliza kwa nini vitone na si mawimbi, na jibu la "nilipenda" halina pa kusimama. Jina linampa kijana sababu ya kila uamuzi, na linamsaidia kutupa vichoro 17 kati ya 20 bila kusita.

Rangi nimeziacha mwisho kwa makusudi. Kabla ya kuchagua, geuza rasimu iwe ya kijivu. Kwa kanuni ya mng'ao ya runinga za zamani (0.299 ya nyekundu, 0.587 ya kijani, 0.114 ya buluu), nyekundu ya 255, 0, 0 na kijani cha 0, 130, 0 zote zinaangukia kijivu cha 76. Yaani jina jekundu juu ya kijani hicho litang'ang'ania macho kwa karibu na kupotea kwa mbali. Jina lipewe jozi yenye tofauti kubwa kuliko zote kwenye nguo, na mara nyingi hiyo ni nyeusi juu ya nyeupe au juu ya njano.

Usiamini rangi ya simu. Nenda na vipande vya nguo vilivyochapwa, uchague kwa mwanga wa mchana, kisha umpe fundi kipande chenyewe kama kielelezo.

---

mwanafunzi_mwaka2

Asanteni sana. Nimeanza upya na pindo la 20. Naombeni mambo mawili ya mwisho: faili la kumpa fundi liweje, na daftari la mchakato liwe na nini?

---

Fundi Skrini

Faili: nakala mbili. Ya kwanza ni ya kwako, maandishi bado yanaweza kuhaririwa. Ya pili ni ya fundi, maandishi yamegeuzwa kuwa maumbo (Shift+Ctrl+C kwenye Inkscape), kwa sababu kompyuta yake ikikosa fonti yako itaweka nyingine na jina litapasua kisanduku.

Kwenye nakala ya fundi kila rangi iwe kwenye tabaka lake, na tabaka liitwe kwa rangi na zamu: 1_njano, 2_nyekundu, 3_nyeusi. Rangi ya tabaka moja iwe na msimbo mmoja tu. Nyekundu mbili zinazofanana machoni lakini misimbo tofauti zitatoka kama skrini mbili. Weka alama nne za msalaba nje ya nguo, katikati ya kila upande, na zirudie kwenye kila tabaka mahali palepale. Hizo ndizo tunazopangia skrini.

Fundi akitaka picha badala ya vekta, toa kila rangi kama nyeusi na nyeupe ya biti moja (kila pikseli ni nyeusi au nyeupe tu), nukta 300, bila kulainisha kingo. Pikseli za kijivu kwenye ukingo ndizo zinazofanya filamu (karatasi angavu ya kutengenezea skrini) iwe na chembechembe. Kanga nzima kwa biti moja ni megabaiti 29 hivi kabla ya kubanwa, inabebeka. Usitume kwa programu ya gumzo kama picha, itabanwa na kupunguzwa. Itume kama hati au kwenye flashi.

Na uliza kipimo cha skrini yake kubwa kabisa. Karakana nyingi ndogo hazina skrini ya mita moja na nusu, hivyo pindo huchapwa kwa vipande. Ukijua mapema, unaweka mpaka wa vipande kwenye pengo kati ya korosho.

---

mji_na_pindo

Daftari: ukurasa wa maelekezo ya kazi kwa maneno yako, vichoro 20 vyote pamoja na vilivyokataliwa, kila kilichokataliwa kikiwa na sentensi moja ya sababu. Halafu hesabu ya pindo, majaribio ya nyeusi na nyeupe, jedwali la rangi lenye vipande vya nguo vilivyobandikwa, na picha ya kila jaribio la chapa. Faili ziitwe kwa namba, kanga_01, kanga_02, bila "mwisho" wala "mwisho_kabisa", na nakala ikae mahali pawili.

Kabla ya kulipia nguo, chapa kisanduku cha jina kwa ukubwa halisi. Sentimita 70 zinaingia kwenye A4 tatu zilizolazwa, ukiziunga kwa gundi. Mfungie mwenzako kiunoni kwa pini, asimame hatua kumi mbele yako, kisha ageuke. Kisiposomeka, rudi kwenye kimo cha herufi, usiguse rangi kwanza.

---

bibi_leso

Na atembee pia, asisimame tu. Nguo ikitembea inajikunja katikati, na herufi zilizo katikati ya jina ndizo humezwa na mkunjo.